Kwa Nini Pumu Hurudi Usiku wa Manane?

Saa mbili za usiku unakung'uta blanketi, na vumbi linampata mtoto. Kabla hujamaliza kutandika, kifua kimembana na kinalia kama filimbi. Kufikia saa nne ametulia, nawe unashukuru. Saa saba anaamka tena akihema, ilhali hakuna aliyegusa blanketi. Je, msomaji, umewahi kujiuliza kwa nini?

Jibu limo katika seli ziitwazo masti, zilizotapakaa kwenye kuta za mirija ya hewa. Mjerumani Paul Ehrlich alipozieleza mwaka wa 1878 aliziona zimejaa punje, akadhani ni chakula, akazipa jina la Kijerumani lenye maana ya kunenepeshwa. Maskini, alikosea! Punje zile ni ghala la kemikali, mojawapo ikiwa histamini.

Kwa mwenye pumu ya mzio, juu ya seli hizo hukaa kingamwili aina ya IgE. Kinyesi cha wadudu wadogo wa vumbi kikivutwa ndani, protini yake huzishika kingamwili mbili kwa pamoja, kama daraja. Hapo madini ya kalisi huingia ndani ya seli, na baada ya dakika chache tu punje zimemwagwa nje.

Lakini hayo ni mwanzo. Seli hutengeneza pia kemikali mpya kutokana na mafuta ya utando wake, zikiwemo leukotrini, ambazo hubana mirija kupita histamini kwa mbali. Ndiyo sababu vile vidonge vya mzio unavyokimbilia dukani, vinavyozuia histamini pekee, husaidia mafua na mwasho lakini si dawa ya pumu. Wazazi wengi wamepoteza pesa hapa, na mara nyingine wakati, ambao ni ghali zaidi.

Kisha seli hutoa kemikali za kuziita chembe nyingine za damu. Hizi huchelewa, na baada ya saa 4 hadi 8 mirija huweza kuvimba upya na kujaa makohozi. Huyo ndiye mgeni wa saa saba.

Dawa ya kuvuta ya salbutamo hulegeza misuli ya mirija ndani ya dakika chache, ila uvimbe hauuondoi. Uvimbe hutulizwa na dawa ya kuvuta yenye steroidi, inayotumiwa kila siku kwa maagizo ya daktari, hata mtoto akiwa mzima anacheza mpira. Na akishindwa kumaliza sentensi bila kutweta, au midomo ikigeuka rangi ya samawati, usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitalini usiku huohuo.