Ukungu Hauoshi Moshi

Kila msimu wa masika, akina mama wa mwambao hulalamikia jambo moja jikoni: chumvi iliyomo koponi hulowa ingawa hakuna aliyeimwagia maji. Wengine huichanganya na punje za mchele ili zinyonye unyevu huo. Tunaanzia hapo, kwa kuwa kinachotokea ndani ya kopo lile ndicho kinachotokea katika anga ya mji uliojaa moshi.

Chumvi ya mezani huanza kuvuta maji ya hewani na kuyeyuka pale unyevu unapofika asilimia 75 hivi. Chembe za salfeti, ambazo hutokana na gesi ya salfa inayotolewa na makaa ya mawe na mafuta machafu, hufanya vivyo hivyo unyevu unapokaribia asilimia 80. Chembe wanazozihofia zaidi madaktari hazizidi mikromita 2.5, unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuzishinda mara ishirini au zaidi. Zikiwa kavu, jicho halizitambui kwa urahisi. Zikinywa maji huvimba, hutawanya mwanga, na mji mzima huonekana kana kwamba umetandikwa shuka jeupe. Ndiyo maana utusitusi huweza kuzidi usiku wa manane ilhali hakuna gari wala kiwanda kilichoongezeka.

Lau madhara yangekuwa ni huko kuvimba tu, tusingelishika kalamu. Jambo zito ni kwamba tone la maji, likishafanyika, hugeuka chungu cha kupikia. Gesi huyeyuka ndani yake, zikabadilika na kuwa tindikali.

Mji wa London uliyaonja hayo kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952. Baridi ilikuwa kali na kila nyumba ikiwasha makaa ya mawe. Hewa ya joto ilikaa juu ya hewa baridi mithili ya kifuniko cha sufuria, upepo ukatulia, na ukungu ukachanganyika na moshi. Mabasi yalisimama kwa kuwa madereva hawakuona barabara. Katika ukumbi wa Sadler's Wells onyesho lilikatizwa kwa sababu ukungu uliingia hadi ndani. Serikali ilikadiria kwanza kwamba watu 4,000 walikufa. Uchunguzi wa baadaye uliipandisha hesabu hiyo hadi kufikia 12,000. Wengi walikuwa wazee, watoto wachanga na wagonjwa wa kifua. Sheria ya hewa safi ilipitishwa mwaka 1956.

Zaidi ya miaka sitini ilipita kabla ya wanasayansi kueleza vizuri namna gesi ile ilivyogeuka tindikali kwa wingi namna ile. Mwaka 2016 walibainisha kwamba gesi nyingine ya moshi huohuo, ya naitrojeni, ndiyo iliyosaidia kazi hiyo ndani ya matone ya ukungu. Mwanzoni matone yalikuwa makubwa, na tindikali ikazimuliwa kwa maji mengi. Jua lilipochomoza na maji kukauka, zilibaki chembe ndogo zenye tindikali kali, na watu wakazivuta. Kwa hiyo kuondoka kwa ukungu hakukuwa salama. Huko Beijing, ambako moshi ulitanda vibaya mno Januari 2013, mapishi yalifanana na hayo, ila amonia nyingi ya hewani iliipunguza makali tindikali.

Mtu atauliza: je, mawingu na mvua havisafishi? Husafisha, ndiyo. Mvua ya kutosha huteremsha chembe nyingi, na hata ukungu huacha baadhi yake juu ya majani na mabati. Lakini mawingu mengi hayanyeshi kamwe. Chembe huwa mbegu ya tone la wingu, tone hupokea gesi, kisha wingu hukauka na kuirudisha chembe hewani ikiwa nene kuliko ilivyoondoka. Juu ya hayo, utando wa moshi huzuia jua lisipashe ardhi joto, ardhi hubaki baridi, na kifuniko kile kikachelewa kufunguka.

Kwetu hakuna makaa ya mawe ya majumbani, lakini jiko la mkaa lipo, na taka huchomwa. Sisi wenyewe tulikuwa tukichoma majani na mifuko ya plastiki nyuma ya msikiti baada ya sala ya alfajiri, tukidhani ubaridi na umande vitaumeza moshi. Mzee wetu mmoja mwenye pumu aliacha kuja alfajiri. Tulipomtembelea hakutulaumu, alisema tu kwamba siku zenye ukungu kifua humbana kabla hajafika mlangoni. Tuliona haya. Sasa plastiki haichomwi kabisa, na majani yanaozeshwa shimoni yawe mbolea ya migomba. Mzee amerejea safu ya mbele, ingawa siku za ukungu mzito bado anasali nyumbani.