Pauni 45 zilivyomfufua 'msukule' wa London

Msomaji uliyeko Uingereza unajua vyema kwamba pauni 45 hazifiki mbali. Ukitoka na familia kwenda kula mara moja tu, zimekwisha. Lakini Marc Price, kijana kutoka Wales, alisema kiasi hicho ndicho alichotumia kutengeneza filamu nzima ya kutisha, ambayo mwezi Mei 2009 ilifika hadi soko la filamu la Cannes, Ufaransa.

Filamu hiyo inaitwa Colin. Ni hadithi ya kijana anayeng'atwa, anakufa, kisha anainuka akiwa zombi na kuanza kuzurura mitaani London. Kwa lugha ya kwetu tungemwita msukule, ingawa msukule wa kwetu hutumwa kulima shamba la mchawi, na huyu wa Waingereza hutafuna watu.

Kilichowavutia wengi ni kwamba kisa chote kinamfuata zombi mwenyewe, si wanaomkimbia. Kuna mahali utacheka: vibaka wanamvamia maiti anayetembea ili wamvue raba zake! Kisha kicheko kinakauka, pale dada yake anapomtambua na kumrudisha kwa mama yao, wakitumaini atawakumbuka.

Je, hizo pauni 45 zilinunua nini? Kwa maelezo ya Price, ni mtaimbo mmoja, kanda chache za video, na chai na kahawa za kuwakirimu waliokuja kusaidia. Kamera ilikuwa ndogo na ya zamani, ile ya kurekodia sherehe za nyumbani. Filamu aliihariri mwenyewe kwenye kompyuta yake, na kazi yote ilichukua takriban mwaka mmoja na nusu.

Mazombi nao aliwapata kwa kuomba watu wajitolee kupitia mitandao ya Facebook na MySpace. Waliowapaka majeraha na damu bandia walikuja na vifaa vyao wenyewe. Malipo yao yalikuwa kupata kazi ya kuonyesha kwa waajiri wa baadaye.

Hapo ndipo penye hesabu ambayo magazeti mengi hayakuipigia sana kelele. Filamu ya Uingereza ya kutisha na kuchekesha, Shaun of the Dead ya mwaka 2004, iligharimu mamilioni ya pauni, kwa sababu watu hulipwa. Colin haikuwa rahisi kiasi hicho. Gharama yake ilibebwa na jasho la marafiki. Kama kila mmoja angedai ujira wa siku, pauni 45 zisingemaliza hata asubuhi moja.

Kasoro zipo. Picha nyingine ni za giza, na kamera hutikisika. Hata hivyo, Oktoba 2009 filamu iliingia katika kumbi za sinema za Uingereza.

Kwa hiyo, kijana mwenye kamera na wazo zuri asingoje tajiri ajitokeze. Lakini asijidanganye kwamba pauni 45 peke yake ndizo zilizofanya maajabu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kabla ya kuhesabu pesa mfukoni, ahesabu kwanza marafiki walio tayari kupakwa damu bandia na kulipwa kikombe cha chai, na siku mambo yakimnyookea, asiwasahau.