Ubani wa Magila na Ugomvi wa Kikuyu

Mwanglikana wa Dodoma anayesali Magila kwa mara ya kwanza, nje kidogo ya mji wa Muheza, anaweza kudhani amekosea mlango. Chetezo kinafuka ubani, kengele inalia mkate na divai vinapoinuliwa, Bikira Maria anasalimiwa. Kumbe hajapotea. Kwao Dodoma walihubiri wamisionari wa CMS (Church Missionary Society), Waanglikana wa mrengo wa kiinjili. Bonde, eneo la Magila, walihubiri wale wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa), walioshikilia mapokeo ya kale.

Mzizi wa tofauti hiyo uko Ulaya ya karne ya 16. Martin Luther alipotoa hoja zake 95 mwaka 1517, alilenga biashara ya vyeti vya rehema. Hakukusudia kuanzisha kanisa jipya. Uingereza ilijitenga na Papa mwaka 1534 zaidi kwa ajili ya ndoa ya Mfalme Henry VIII kuliko kwa ajili ya mafundisho. Kanisa lake likabaki na maaskofu, huku likipokea mengi ya wanamageuzi. Je, Waanglikana hawa ni Wakatoliki wasio na Papa, au Waprotestanti wenye maaskofu?

Swali hilo lilipanda meli likaja Afrika Mashariki, na mwaka 1913 likalipuka.

Juni ya mwaka huo, misioni kadhaa zilikutana Kikuyu, Kenya, kwenye misioni ya Waskoti, kutafuta namna ya kushirikiana. Haja ilikuwa ya kweli: Mkristo aliyehama kutafuta kazi alijikuta mgeni katika kanisa la jirani. Mwishoni Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Meza ya Bwana ndani ya kanisa la Wapresbiteri, na wasio Waanglikana wakashiriki.

Habari zilipomfikia Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, ambaye Magila ilikuwa chini yake, alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akiwashtaki Peel na Askofu Willis wa Uganda, mwenzake katika mkutano ule, kwa uzushi. Kwake, kumkaribisha mezani mtu asiyepata kipaimara mikononi mwa askofu kulikuwa kulivunja kanisa lenyewe. Jibu la Canterbury lilitoka mwaka 1915: hakuna aliyehukumiwa, wala ushirika ule haukuruhusiwa kuwa desturi.

Ni rahisi kumwona Weston mkaidi tu. Lakini huyohuyo, mwaka 1920, alichapisha kijitabu akiipinga serikali ya Kiingereza kwa kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi, yaani shokoa. Na mwaka 1923 aliwaambia Waanglikana wenzake London kwamba hawawezi kumwabudu Yesu altareni wakampuuza katika miili ya maskini. Ukali wake kuhusu sakramenti na ukali wake kuhusu shokoa vilichipuka kutoka shina moja.

Alifariki Hegongo, jirani na Magila, Novemba 1924. Mwaka 1970 dayosisi za UMCA na CMS nchini ziliwekwa katika jimbo moja la Tanzania, chini ya Askofu Mkuu John Sepeku. Dodoma iliingia na nyimbo zake za uamsho, Magila na chetezo chake.