Mifupa ya Mgongo na Diski Zake

Wazee wengi hutulalamikia: «Padri, mgongo waniuma.» Mara twajibu: «Ni uzee, mifupa imechoka.» Lakini magonjwa mawili mbalimbali yaweza kukaa katika mgongo mmoja. Yafaa tuyapambanue.

1. Mgongo umejengwa namna gani? Una pingili 24 zinazojongea, na kati yao diski 23. Kila diski ina kiini laini chenye maji mengi, na pete ya nyuzi ngumu inayokizunguka. Ndani ya diski ya mtu mzima hamna mishipa ya damu. Chakula chake chapenya polepole kutoka katika pingili zilizo juu na chini yake.

2. Magonjwa mawili ni yapi? La kwanza ni la mfupa. Mwili hubomoa mfupa na kuujenga tena siku zote. Uzee ukija, kubomoa kwashinda kujenga, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi. Mfupa wabaki na matundu, kama mti ulioliwa na mchwa. La pili ni la diski: kiini chapoteza maji, pete yapasuka, diski yakonda, na pingili zakaribiana.

3. Je, yana uhusiano gani? Hapa pana ajabu. Mara nyingi wenye diski zilizochakaa, wakipimwa mgongo, huonekana wana mifupa mizito kuliko wenzao. Tuseme basi kwamba wamekingwa? Hapana. Kando ya diski mbovu huota miiba ya mfupa, na mashine huihesabu pamoja na pingili. Mizani yaonyesha uzito, lakini nguvu haimo. Ndiyo sababu waganga hupima nyonga vilevile.

Tena, mwaka 2004 wataalamu wa Bristol, Uingereza, walieleza kwamba diski ikikonda, mtu akisimama wima, mzigo wahamia nyuma ya pingili. Upande wa mbele hauna kazi tena, nao wadhoofika, kwani mfupa usiotumika hupungua. Siku mzee anapoinama kuinua ndoo, mzigo wote warudi mbele, palipo pabovu, na pingili yavunjika. Mwaka 2006 waganga wa Lyon, Ufaransa, waliona kwamba wanawake wazee wenye diski zilizokonda walivunjika pingili zaidi kuliko wengine.

4. Tufanye nini? Mzee aliyeambiwa «mifupa yako ni mizuri», kisha akaumwa ghafula, akapungua kimo au akapinda mgongo, tusimnyamazishe. Tumpeleke hospitali apigwe radio. Tuwafundishe watu kuinua mzigo kwa kukunja magoti, kutembea kila siku, kuacha tumbaku, na kula ndagala wazima pamoja na mifupa yao. Na mama anayebeba kuni kwa kamba ya kichwani, tumpunguzie mzigo tangu leo, kabla mgongo haujavunjika.