Udongo Usomwe Kwanza: Namna ya Kutafuta Fedha na Kobalti

Habari kwamba kobalti imeonekana katika udongo wa shamba fulani, ikisimama peke yake, haina uzito. Kobalti imo katika udongo wa karibu kila mahali. Tani moja ya miamba ya kawaida ya dunia ina wastani wa gramu 25 hivi za kobalti, na fedha yake haifiki hata gramu 0.1. Mtu akichota ndoo ya udongo popote na kuipeleka kwenye maabara nzuri, ataletewa majibu yenye kobalti, na huenda yenye dalili ya fedha pia. Swali la mtafutaji madini ni jingine: je, mahali hapa metali hizo zimezidi kiwango cha kawaida cha eneo, na je, ongezeko hilo limejipanga kwa namna inayoelezwa na mwamba wa chini peke yake? Upimaji wa udongo ni njia nafuu na yenye madhara madogo ya kulijibu swali hilo, mradi ufanywe kwa nidhamu. Ukifanywa ovyo, au matokeo yake yakitangazwa nusunusu, hugeuka chombo cha kuwapotosha wenye ardhi na wenye mitaji. Hoja yangu ni kwamba thamani ya kazi hii haiko katika namba kubwa inayopatikana kwenye mfuko mmoja wa udongo. Iko katika ulinganifu wa mamia ya mifuko iliyochotwa kwa kanuni moja.

Mji wa Cobalt, kaskazini mwa jimbo la Ontario nchini Kanada, unalifundisha jambo hili vizuri. Mwaka 1903 serikali ya jimbo ilikuwa ikijenga reli kuelekea kaskazini, na watu wa kazi ya reli ndio waliokuta madini kando ya ziwa. Mwanajiolojia wa jimbo, Willet Green Miller, alifika mwaka huohuo, akatambua fedha halisi ikiwa pamoja na madini ya kobalti, nikeli na aseniki, na ndiye aliyelipa eneo jina la Cobalt. Mwaka 1911 pekee migodi ya hapo ilitoa zaidi ya wakia milioni 30 za fedha, na katika historia yake yote imetoa zaidi ya wakia milioni 400, yaani zaidi ya tani 12,000. Utajiri huo ulikaa katika mishipa ya kalsaiti, mingi ikiwa na upana wa sentimita chache tu, karibu na mwamba mweusi wa diabezi wenye umri wa takriban miaka bilioni 2.2. Mishipa iliyotokeza juu ilionekana kwa macho, kwa kuwa madini ya kobalti yakipigwa na hewa na maji hufanya utando wa rangi ya waridi juu ya jiwe, na yale ya nikeli hufanya utando wa kijani. Iliyofunikwa na udongo ilitafutwa kwa mitaro iliyochimbwa hadi kwenye mwamba. Katika kilima cha Nipissing, kampuni ya mgodi ilifika mahali pa kutumia mabomba ya maji yenye nguvu kuuosha udongo wote wa juu ili jiwe libaki wazi. Msitu na udongo vilipotea, na tope likateremkia ziwani. Kilima kizima kiliharibiwa ili kutafuta mishipa ambayo sehemu kubwa yake leo ingefuatwa kwa mifuko michache ya udongo kutoka kila mstari.

Jambo hilo linawezekana kwa sababu ya namna mwamba unavyooza. Maji ya mvua na hewa vikiufikia mshipa, madini yake huvunjika polepole. Aseniki, kobalti na nikeli huyeyuka, husafiri kidogo na maji, kisha hunaswa na chembe za mfinyanzi na kutu za chuma na manganizi zilizomo udongoni. Fedha kwa kawaida haisogei mbali kiasi hicho, na sehemu yake hubaki kama punje ndogo za metali. Hivyo mshipa usiozidi upana wa kiganja unaweza kuzungukwa na ukanda wa mita nyingi ambamo kiwango cha metali kimepanda juu ya kile cha kawaida. Mpimaji wa udongo huutafuta ukanda huo, kisha ndani yake huutafuta mshipa.

Kazi yenyewe ni ya chepe, auga (chombo cha mkono cha kutobolea udongo) na subira. Timu hupanga mistari inayokatiza mwelekeo unaotarajiwa wa mishipa, tuseme mstari kila mita 100 na sampuli kila mita 25. Katika kilomita moja ya mraba hizo ni sampuli 400 hivi. Kila sampuli hutakiwa kutoka tabaka lilelile. Katika misitu ya Ontario, chini ya majani yaliyooza kuna tabaka la kijivu ambalo maji yenye asidi yamelichuja na kulipunguzia metali, na chini yake kuna tabaka la kahawia lenye wekundu, ambako chuma kilichochujwa hujikusanya na kunasa metali nyingine. Mtu akichota la kijivu hapa na la kahawia mita 25 mbele, tofauti itakayoonekana maabara itatokana na mkono wake, wala haitahusu mwamba. Ndiyo maana katika daftari huandikwa kina, rangi, unyevu, mteremko, na alama yoyote ya barabara au shimo la zamani. Udongo hukaushwa, huchekechwa zibaki chembe zinazopita tundu la milimita 0.18 hivi, huyeyushwa kwa mchanganyiko wa tindikali ya naitriki na haidrokloriki, kisha hupimwa kwa mashine inayotambua makumi ya elementi kwa mara moja. Ndani ya kila kundi huingizwa sampuli rudufu, sampuli tupu, na sampuli ambazo kiwango chake kinajulikana tayari, bila maabara kuambiwa ni zipi. Ukaguzi huo ukikosekana, hakuna sababu ya kuziamini namba zitakazorudi.

Majibu yakishafika, kishawishi kikubwa ni kuikimbilia namba iliyo juu kuliko zote. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na kila mkulima anajua mawingu mangapi hupita bila kunyesha. Kobalti ina sababu nyingi za kupanda zisizohusiana na mbale. Mwamba wa diabezi wenyewe, hata usio na mshipa wowote, una kobalti nyingi kuliko itale, kwa hiyo udongo ulio juu yake utaonyesha namba kubwa kwa asili yake. Kutu za manganizi nazo huinyonya kobalti kutoka kwenye maji, hivyo bonde lenye manganizi nyingi linaweza kung'ara kwenye ramani pasipo na kitu chini yake. Mpimaji makini hulinganisha kobalti na manganizi, kisha huangalia elementi nyingine zinazoandamana nayo. Katika mishipa ya aina ya Cobalt, kobalti imefungamana na aseniki, na mara nyingi huandamana na nikeli, bismuthi na fedha. Diabezi tupu haileti aseniki nyingi, wala manganizi peke yake haileti fedha na bismuthi. Elementi hizo zikipanda pamoja, kwenye mistari miwili au mitatu inayofuatana, na nukta hizo zikiunga mwelekeo unaolingana na ufa au mpaka wa miamba, hapo ndipo panapostahili mtaro. Namba kubwa iliyo peke yake, isiyo na wenzake wala jirani, hurudiwa kupimwa kabla ya kutamkwa.

Wapo wanaopinga kwamba mishipa ya sentimita chache itaponyoka tu katikati ya sampuli zilizoachana mita 25. Pingamizi hilo ni la kweli kwa sehemu. Mshipa wa sentimita 10 ukikatizwa na mstari wenye sampuli kila mita 25, uwezekano wa auga kutua juu yake hasa ni kama mara moja katika 250. Lakini auga haihitaji kuugusa, maana inatafuta ukanda wa metali ulioenea pembeni. Ukanda nao ukiwa mwembamba, dawa yake ni kupima kwa hatua: mistari ya mbali kwanza, kisha sampuli za mita 10 au hata 5 pale palipoonyesha dalili. Kinachofuata kutokana na pingamizi hili ni unyenyekevu katika kusoma ukimya. Eneo lisiloonyesha kitu kwenye gridi pana halijathibitishwa kuwa tupu. Limepewa nafasi ya chini katika foleni.

Pingamizi zito zaidi linahusu udongo wenyewe, kwamba si kila udongo umezaliwa na mwamba ulio chini yake. Kaskazini mwa Ontario barafu nene ilisaga miamba na kuikokota kuelekea kusini kabla ya kuyeyuka miaka 10,000 hivi iliyopita. Sampuli yenye fedha inaweza kuwa inasimulia habari za mshipa ulio mamia ya mita nyuma, upande barafu ilikotoka. Katika sehemu nyingine za eneo hilo, ziwa lililotokana na maji ya barafu liliacha mfinyanzi mzito unaoficha kila kitu, na sampuli ya juu ya mfinyanzi huo haisemi habari za mwamba kwa uwazi. Jibu ni kwamba historia ya udongo ipimwe kabla ya kemia yake. Palipo na mabaki ya barafu, mtafutaji hufuata mkia wa metali kinyume cha mwendo wa barafu. Palipo na mfinyanzi, huchimba zaidi hadi chini yake, au hutumia vimiminika hafifu vinavyoyeyusha tu metali zilizopanda hivi karibuni na kushikamana juu ya chembe. Anayechora ramani ya metali bila ramani ya udongo amefanya nusu ya kazi, na nusu hiyo ni hatari.

Kisha kuna uchafu wa binadamu. Zaidi ya karne moja ya uchimbaji imesambaza vumbi, vifusi na tope lenye aseniki katika mazingira ya Cobalt, na mabonde na maziwa ya hapo bado yanabeba mzigo huo. Afrika Mashariki tunalo funzo kama hilo Kilembe, magharibi mwa Uganda. Mgodi wa shaba ulioanza uzalishaji mwaka 1956 ulirundika mabaki yenye kobalti huko Kasese, nayo yakatiririsha metali kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, miaka mingi kabla ya kiwanda kuanza kuivuna kobalti hiyo mwaka 1999. Sampuli ya udongo chini ya lundo kama hilo itakuwa na kobalti tele, lakini mshipa haumo. Njia ya kutofautisha ni kuchota kwa vina mbalimbali katika shimo moja. Uchafu ulioletwa na upepo au maji kwa kawaida hupungua kadiri unavyoshuka. Metali iliyotoka kwenye mwamba huelekea kuongezeka unapoukaribia.

Wengine huuliza kwa nini tusichoronge moja kwa moja, au tusitumie vipimo vya kubebwa mkononi na ndege zisizo na rubani. Uchorongaji ndio unaothibitisha, lakini mita moja tu hugharimu zaidi kuliko sampuli kadhaa za udongo, na tundu lililotobolewa kwa kubahatisha linaweza kupita mita mbili kando ya mshipa bila kuugundua. Kipimo cha mkononi ni kizuri kwa aseniki, lakini mara nyingi hakioni fedha katika viwango vidogo vya udongo. Vifaa hivi hufupisha safari, ila mahali pa kuelekeza tundu la kwanza bado panahitaji ushahidi wa ardhini.

Sayansi hii si ngeni kwetu. Katika miaka ya 1950 watafiti wa Imperial College ya London, wakiongozwa na John Webb, waliijaribu kwenye ukanda wa shaba wa Zambia ya leo, jirani na Haut-Katanga na Lualaba, mikoa ya Kongo yenye wasemaji wengi wa Kiswahili na ambako leo hutoka sehemu kubwa ya kobalti ya dunia. Tanzania nayo, utafutaji uliosaidiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa katika miaka ya 1970 ulifungua habari za nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, ambayo ndani yake imo shaba na kobalti. Udongo wa tropiki una matabaka yake, kutu zake za chuma na mchwa wake, kwa hiyo kanuni za Ontario haziwezi kubandikwa hapa zilivyo. Nidhamu ya kulinganisha ndiyo inayovuka mipaka.

Nidhamu hiyo inahitajika zaidi bei zinapopanda. Mapema mwaka 2018 tani ya kobalti ilipita dola 90,000 kwa sababu ya betri za magari, na kampuni zikarudi kwa wingi Cobalt. Katikati ya mwaka 2019 bei ilikuwa imeshuka chini ya dola 30,000. Kanada ilishajifunza kwa uchungu mwaka 1997, kashfa ya kampuni ya Bre-X ilipofichua kwamba dhahabu iliyodaiwa kuwapo Indonesia ilikuwa imenyunyizwa kwenye sampuli. Tangu mwaka 2001 kanuni zake zinataka taarifa za kitaalamu za madini kwa wawekezaji zisimamiwe na mtaalamu anayewajibika kwa jina lake.

Nasi tudai kiwango hichohicho. Serikali ya kijiji, mwenye shamba au mnunuzi wa hisa akiambiwa kwamba udongo umeonyesha fedha na kobalti, aombe ramani yenye sampuli zote, zikiwemo zilizotoka tupu. Aulize zilichotwa tabaka gani na kina gani, maabara ipi ilizipima, sampuli rudufu zilikubaliana kiasi gani, na aseniki, bismuthi na manganizi zinasemaje. Aulize pia kama mashimo ya auga yamefukiwa, na aseniki ikionekana juu, kama watu wanaokunywa maji ya visima vya hapo wameambiwa. Haya si maswali ya wataalamu peke yao, na mtafutaji mwaminifu huwa na majibu yake tayari. Asiyeweza kuyajibu asipewe saini, wala pesa ya mtu.