Nzige wakivamia, nani husamehewa kazi ya lazima?

MAKUNDI ya nzige wa jangwani yalipofika Kaunti ya Taita Taveta mwanzoni mwa 2021, mahindi ya mvua za vuli yalikuwa bado mashambani. Wadudu hao walikuwa wameingia Kenya kupitia Mandera mwishoni mwa Desemba 2019, katika uvamizi ambao nchi haikuwa imeushuhudia kwa takriban miaka 70.

Serikali ilitegemea ndege, wanyunyizaji dawa na vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) waliopewa mafunzo. Wanakijiji walihimizwa kutoa habari mapema. Lakini tuseme nzige warudi, na ndege zisitoshe. Je, mkazi wa Voi anaweza kuamriwa kwenda kuchimba mitaro ya kuwanasa tunutu, yaani nzige wachanga wasioweza kuruka? Na nani angeruhusiwa kubaki nyumbani?

Kwa swali la kwanza, sheria za kimataifa zimeacha mlango wazi. Mkataba Nambari 29 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1930, ambao Kenya iliuridhia Januari 13, 1964, unapiga marufuku kazi ya shuruti. Hata hivyo, kifungu cha 2 kinasema kazi inayodaiwa wakati wa janga haihesabiwi kuwa ya shuruti, na uvamizi wa wadudu umetajwa humo waziwazi pamoja na vita, moto, mafuriko na njaa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 nayo inatenga kazi za dharura inapofafanua kazi ya shuruti.

Swali la pili ni gumu zaidi. Mkataba huo ulikuwa na orodha ya misamaha katika kifungu cha 11: wangeitwa wanaume wenye afya wa miaka 18 hadi 45 pekee, walimu na wanafunzi wangeachwa, na kila jamii ingebakiwa na wanaume wa kutosha kutunza familia. Kifungu cha 12 kiliweka kikomo cha siku 60 kwa mwaka. Lakini kinga hizo zilihusu kazi ya shuruti ya kawaida, si ya dharura. Isitoshe, Itifaki ya 2014 iliamua vifungu hivyo vifutwe kwa kuwa vilikuwa vya kipindi cha mpito tu.

Hivyo basi, mwenye pumu asiyeweza kukaribia dawa za kuua wadudu hana orodha ya kuonyesha. Anabaki na kanuni ya jumla inayosisitizwa na wataalamu wa ILO: kazi ya dharura isizidi muda wala kiwango kinachohitajika kabisa kukabiliana na hatari yenyewe. Watoto wana ngome imara zaidi, kwani Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inawakinga dhidi ya kazi za hatari. Kifungu cha 30 kinakataza kazi ya shuruti bila kutaja dharura, tofauti na katiba ya zamani iliyoitaja katika sehemu ya 73. Kwa hivyo amri yoyote italazimika kupita mizani ya kifungu cha 24, kinachotaka haki iwekewe mipaka kwa sheria tu, na kwa sababu za haki.

Kwamba misamaha si jambo dogo, historia ya Kenya inaonyesha. Sheria ya kikoloni ya 1920 iliruhusu Waafrika kuitwa kufanya kazi za serikali kwa siku 60 kwa mwaka, lakini ikamsamehe aliyekuwa ameajiriwa kwa miezi mitatu katika mwaka uliotangulia. Msamaha huo ulionekana kuwa wa huruma, kumbe ulimsukuma mtu kwenye shamba la mlowezi. Baada ya uhuru, Sheria ya Mamlaka ya Machifu iliwapa machifu uwezo wa kuwaita wanaume wa miaka 18 hadi 45 kwa kazi za kuhifadhi maliasili, kwa muda ule ule wa siku 60, na ILO ikalalamika kwa miaka mingi. Makali ya sheria hiyo yalipunguzwa katika mageuzi ya 1997.

Taita Taveta ingelipima suala hili kwa njia yake. Ukimsamehe kila mwenye ajira, kuanzia mashamba ya mkonge ya Mwatate hadi maduka ya mjini Voi, mzigo utawaangukia akina mama na wazee wanaolima. Na hao ndio wenye mazao yanayoliwa. Tunutu huchukua wiki chache tu kuota mabawa, na kwa kuwa mayai yao huhitaji udongo wenye unyevu, wiki hizo mara nyingi huwa zile zile za palizi. Mkulima anayepelekwa kuchimba mitaro kijiji cha pili huku tunutu wakielekea shambani mwake ana hoja nzito ya kuachwa kuliko karani. Hata hivyo, orodha ile ya kale ya kifungu cha 11 iliwataja maafisa wa utawala, wala haikumtaja yeye.