Je, Wajua? Mbwa wa Kulea kwa Muda

Je, wajua kwamba unaweza kumchukua mbwa aliyeokolewa akakaa kwenu wiki chache tu? Mnamlisha, anapona, anazoea watu, kisha anakwenda kwa mwenye kumchukua moja kwa moja. Kwenye banda aliloliacha kwa waokoaji anaingia mwingine.

Je, wajua kwamba KSPCA, chama cha kutetea wanyama kilichoko Karen, Nairobi, kilianza mwaka 1910? Hiyo ni miaka 10 kabla nchi haijaitwa Koloni la Kenya.

Je, wajua hesabu ya tatu-tatu-tatu? Waokoaji wa mbwa husema siku 3 za hofu, wiki 3 za kujua ratiba ya nyumba, miezi 3 ya kujiona mwenyeji. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu bado yuko chini ya kochi, na watoto wamwache huko huko.

Je, wajua kwamba mbwa hupiga miayo akiwa na wasiwasi, hata kama hana usingizi? Fungua ile picha kwenye simu, mtoto kamkumbatia mbwa shingoni na kila mtu kaipenda. Sasa usimtazame mtoto. Masikio ya mbwa yamelala nyuma, weupe wa jicho unaonekana pembeni, ulimi unalamba pua. Anaomba aachiwe. Asiposikilizwa atanguruma, wala asipigwe kwa kunguruma: ukimfundisha kunyamaza, siku nyingine atauma bila kuonya. Mtoto amwite, akija ampapase kifuani, asipokuja basi.

Je, wajua kwamba watoto wadogo wanaoumwa huumwa zaidi na mbwa wanayemjua, mara nyingi nyumbani, na mara nyingi usoni? Usoni ni kwa sababu ya kimo chao. Kwa hiyo usimwache mtoto na mbwa peke yao, hata kwa muda wa kugeuza chapati.

Je, wajua kwamba katika kila watu 10 wanaokufa kwa kichaa cha mbwa, wapatao 4 ni watoto chini ya miaka 15? Uliza kadi ya chanjo kabla mbwa hajavuka mlango wako. Mtu akiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Mafuta ya taa na pilipili si dawa ya jeraha, viacheni jikoni. Mtoto aliyepata umaarufu kwa kupewa chanjo ya kichaa cha mbwa ya Louis Pasteur, Joseph Meister, alikuwa na miaka 9. Hiyo ilikuwa Julai 1885, naye akapona.

Je, wajua kwamba makombo ya mchuzi wenye vitunguu ni sumu kwa mbwa? Zabibu na chokoleti pia. Mfuko wa shule wenye peremende uning'inizwe juu.

Je, wajua kwamba mpira mwekundu kwenye nyasi mbwa huuona kama kitu cha rangi iliyofifia? Nunua wa buluu.

Je, wajua kwamba mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni, nane zaidi ya mtoto wako? Ficheni ndala.

Je, wajua kwamba kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi, walio wengi Pwani, chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo? Kama mnashiriki ua au bomba la maji, jirani aulizwe kabla, pamoja na mwenye nyumba.

Je, wajua kwamba familia ikishindwa kuagana na mbwa, ikambakiza, waokoaji huitania kuwa "imefeli"? Waambieni watoto mapema kwamba ni mgeni, na siku ya kuondoka wao ndio wamkabidhi mwenyeji mpya kamba. Lakini mkiona kwenu mambo yanaelekea kufeli, jazeni fomu haraka kabla mwingine hajamchukua.